Deni la Mwenye Kuuliza

Katika safari yetu ya Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, katekista alituongoza kwenda kumwamkia bibi mmoja mjane ambaye miguu yake haimfikishi tena kanisani. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, imesiribwa upya kwa udongo mweupe, safi ya kupendeza. Lakini juu ya mlango tuliona mahali padogo, kiasi cha kiganja, ambapo msiribaji aliparuka. Na hapo pana namba iliyoandikwa kwa chaki, nayo yaanza kufutika. Tukauliza sababu. Bibi akajibu: "Baba Padri, hiyo ni namba yangu kwa watoto wa chuo. Nikiifuta, watakaporudi na majibu watanijuaje?"

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu vijana hao wafike. Walikuwa wawili, wapole, wenye adabu. Wakaketi mkekani, wakamhoji tangu asubuhi hadi jua la utosi. Ana kuku wangapi? Amelima ekari ngapi za pamba, na ngapi za mpunga? Maji huyateka wapi, na ni mwendo gani? Jana alikula nini, na juzi je? Amezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi? Bibi aliwajibu yote. Walipofika kwa watoto aliowazika, aliwataja mmoja mmoja kwa jina, na kwa kila mmoja ugonjwa uliomchukua, ingawa karatasi yao ilitaka hesabu tu. Mwishoni wakampa mche wa sabuni, wakashukuru, wakaenda zao. "Sabuni iliisha," alituambia akicheka.

Hatutaji chuo chenyewe, kwa kuwa bibi hakukijua, wala katekista, wala mwenyekiti wa kitongoji tuliyemwuliza njiani. Jambo hilo lenyewe ni sehemu ya shauri letu la leo. Je, mtu akija nyumbani kwako, akakuuliza habari za maisha yako, nawe ukamjibu kweli, ameondoka na deni? Na kama ameondoka nalo, ni deni gani, na hulipwa namna gani?

Msomaji asidhani kwamba sisi ni adui wa utafiti. Wako watu, hata miongoni mwa wasomi, wapendao kusema kwamba maswali ya wataalamu hayajawahi kumponya mgonjwa wala kumshibisha mwenye njaa. Usemi huo si wa kweli, na sisi tukaao upande huu wa Ziwa tuna sababu ya kuukanusha kuliko watu wengine. Kati ya mwaka 1991 na 1994, siku ambazo UKIMWI ulikuwa ukimaliza nyumba nzima na hapakuwa na dawa yoyote ya kuwafikia watu wa vijijini, palifanyika jaribio kubwa katika Mkoa wa Mwanza. Zama hizo Wilaya ya Geita, na Nyang'hwale ndani yake, ilikuwa sehemu ya mkoa huo. Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na AMREF na chuo cha tiba za nchi za joto cha London, walichagua jamii 12, wakazipanga jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja ilipata huduma bora ya magonjwa ya zinaa: waganga wa zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, pasipo kungoja maabara ambayo haipo, na dawa zikapelekwa bila kukatika. Jamii ya pili iliendelea na huduma ya kawaida. Katika kila jamii watu wazima wapatao 1,000 walifuatwa kwa miaka miwili.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Mahali penye huduma ile, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa 1.2 katika kila watu 100. Mahali pengine 1.9. Maana yake yalipungua kwa yapata asilimia 40, kwa vidonge vya kawaida na mafunzo ya waganga wa vijijini. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima. Na ni ya nani? Ni ya mama aliyetoa damu yake chini ya mwembe, na ya kijana aliyekubali kusema mambo ambayo mtu humwambia padri tu, tena kwa sauti ya chini.

Lakini jambo hilo lina mkia, na mkia wenyewe wafaa kusimuliwa, maana mara nyingi husahauliwa. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya jaribio jingine, la Rakai nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wetu, ambako watu wazima wote wa vijiji vilivyochaguliwa walipewa dawa za magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi kumi. Huko maambukizo ya virusi hayakupungua. Wataalamu walijadiliana miaka mingi: pengine ugonjwa ulikuwa umefika hatua nyingine kule Rakai; pengine kumtibu aliye na dalili, siku ile ile anapougua, si sawa na kuwapa watu wote dawa kwa kalenda. Tunayasema haya kwa sababu wengi wetu huipokea habari ya utafiti kama amri iliyoshuka mlimani, na ikibadilika kesho twasema tumedanganywa. Sivyo. Mchunguzi mwaminifu ni kama mkulima anayejaribu mbegu: msimu mmoja humfundisha, wa pili humsahihisha. Basi aliyesikilizwa habari yake ya kwanza adaiwa na habari ya pili pia, hata ikiwa haimpendezi.

Turudi kwa bibi yetu. Rafiki yetu mmoja, mwalimu wa chuo kikuu, tulipomsimulia habari ya namba ya chaki alitujibu hivi: elimu si mali ya mtu. Ng'ombe nikimchukua kwako, zizi lako limepungua; bali jibu lako nikilichukua, wewe wabaki nalo vile vile. Hakuna kilichopotea, basi deni latoka wapi? Tena, akasema, matokeo yote huchapishwa, na atakaye kusoma na asome.

Hoja hii ni ya mtu mwerevu, nasi hatukuijibu siku ile ile. Tulipoitafakari tuliona kwamba imepunguza kilichotolewa. Bibi hakutoa jibu tu. Alitoa asubuhi nzima ya siku za palizi. Alitoa imani yake kwa watu asiowajua. Aliwafukua watoto wake waliokufa, akawaweka mbele ya wageni, kisha wageni walipoondoka akabaki nao peke yake jioni ile, na kwa hilo sabuni haikufaa kitu. Huwezi kusema kwamba hakuna kilichopotea. Na ile ya kusema kwamba matokeo huchapishwa, huchapishwa wapi? Katika majarida ya Kiingereza, yenye bei ambayo hata maktaba zetu huziogopa, kwa maneno ambayo mtaalamu wa fani nyingine hayaelewi. Kumwambia mjane wa Kharumwa kwamba jibu lake liko huko ni sawa na kumwambia kwamba fedha yake iko benki, bali ufunguo na namba ya hesabu hapewi.

Liko neno zito zaidi. Mtu si chombo cha kupimia. Ukimtumia kwa faida ya wengine tu, hata ikiwa faida hiyo ni kubwa na ya kweli, umemshusha daraja aliloumbiwa. Papa Pio XII aliwaambia waganga waliokutanika Roma mwezi wa Septemba 1952 kwamba sayansi, pamoja na heshima yake yote, si jambo la juu kupita yote, na kwamba mganga hana haki juu ya mgonjwa kuzidi ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe. Wakati Papa akisema hayo, huko Alabama nchini Marekani kulikuwa na watu weusi, wakulima maskini, waliokuwa wakitazamwa na idara ya afya ya serikali jinsi kaswende inavyowaharibu miili, huku wakiambiwa kwamba wanatibiwa. Jambo hilo lilianza mwaka 1932, likakomeshwa 1972 tu, ingawa dawa ya penisilini ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1940. Kaswende ni mmoja wa magonjwa yale yale yaliyotibiwa Mwanza katika lile jaribio. Ugonjwa mmoja, na maswali yanayofanana. Lakini huko Alabama aliyeuliza alijua dawa akaificha, na huku kwetu, jaribio lilipokwisha, jamii zilizokuwa zikingoja zilipelekewa huduma ile ile.

Hapa wako wazazi watakaotuuliza: hata huko kungoja kwenyewe, ni haki? Swali hili ni gumu, nasi twalitazama kwa mfano ulio karibu zaidi na nyumba zetu, yaani shule. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, pamoja na wataalamu wa uchumi, liliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10 nchini mwetu. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Katika shule nyingine 70 walimu waliahidiwa zawadi ya fedha kwa kila mtoto wa madarasa ya chini atakayejua kusoma na kuhesabu. Shule 70 zilipata yote mawili. Na shule 140 hazikupata kitu. Zilipimwa tu, ili zilizopata zilinganishwe nazo. Nani aingie wapi, iliamuliwa kwa kura.

Mzazi ambaye mwanawe alikuwa katika zile 140 aweza kusema kwa uchungu: mtoto wangu alifanywa jiwe la mizani. Twamwelewa. Hata hivyo, tulipolipima neno hili tuliona kwamba yote yategemea swali moja: je, walioendesha jaribio walijua tangu mwanzo kilicho bora? Kama walijua, wakawanyima watoto wa shule 140 au mtoto mmoja, walitenda dhuluma, na hakuna elimu iwezayo kuiosha. Kama hawakujua, kura ilikuwa haki kuliko njia nyingine zote, maana kura haimjui mtoto wa diwani wala wa mchunga ng'ombe. Na kwa kweli hawakujua. Watu wengi wenye akili waliamini kwamba ukiongeza fedha shuleni utaongeza elimu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ruzuku peke yake, baada ya miaka miwili, haikuwafanya watoto wajue zaidi. Ilipokwenda pamoja na zawadi ya walimu, watoto waliongeza maarifa kwa kipimo kinachoonekana.

Basi ni kamati ngapi za shule zilizoambiwa habari hii? Tangu mwaka 2016 serikali imeondoa ada, na ruzuku yapelekwa moja kwa moja katika hesabu ya kila shule. Kila mzazi anayeketi katika kikao cha shule, akasikia ruzuku ikisomwa, angepaswa kujua kwamba fedha zikiingia pasipo mtu wa kumwangalia mwalimu na kumtia moyo, yamkini mwanawe hatasoma vizuri zaidi ya jana. Habari hiyo ilinunuliwa kwa kungoja kwa watoto wa shule 140. Kuwanyima wazazi wao habari hiyo ni kuwangojesha mara ya pili.

Tulipokuwa Kharumwa tulipata nafasi ya kujaribu wenyewe, kwa kiasi kidogo, jambo hili la kurudisha majibu. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, tuliketi na wanaume kumi na watatu, karibu wote wachimbaji wadogo au wenye kazi za dhahabu: wa maduara, wa makarasha, wa mwaloni. Tulikuwa na habari za uchunguzi uliofanywa Rwamagasa, mkoa huu huu wa Geita, mwaka 2003, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki. Watu 180 wa Rwamagasa walipimwa damu, mkojo na nywele, wakachunguzwa mikono, mwendo na kumbukumbu. Na watu 31 wa Katoro, mahali pa mbali kidogo, wakapimwa ili kulinganisha. Wachomaji wa dhahabu ndio walioonekana kuwa na zebaki nyingi kuliko wote, na yapata mmoja katika kila wanne miongoni mwao alikuwa tayari na ugonjwa wa sumu hiyo: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, miguu kutotii.

Tulisoma polepole kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu katekista akaongeza Kisukuma. Wote walikuwa wamekwisha kusikia kwamba zebaki ni mbaya, mabango yako. Lakini hakuna aliyekuwa amesikia kwamba majirani zao walipimwa. "Kumbe Rwamagasa walipimwa?" akauliza mmoja. "Shemeji zangu wako kule." Baada ya neno hilo mkutano ulibadilika. Mwingine, mchomaji wa miaka mingi, akauliza taratibu kama moshi wakaa nyumbani, kwa kuwa mvua ikinyesha yeye huchomea katika jiko la mkewe, watoto wakiwapo. Tulimwambia kwamba mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, nao huingia kwa pumzi, na kwamba asichomee ndani kamwe. Alinyamaza. Hatukuwa na la kumwongezea.

Kisha tukazungumza juu ya kile chombo cha chuma kinachofunika moto, kikanasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki tena. Wataalamu wamekisifu miaka mingi, nao husikitika kwamba wachimbaji hawakitumii. Wale mabwana walituambia sababu zao bila kuficha. Dhahabu ikiwa ndani ya chuma, mwenye mali haioni, naye amesimama hapo na wenzake wanne ambao kila mmoja ana fungu lake. Nani atamwamini mchomaji? Tena chombo chakawia, na mnunuzi angoja na pikipiki yake. Tena ni cha kununua. Kwa nusu saa tulijifunza kwa nini chombo kizuri kinalala bila kazi. Mhandisi aliyekibuni alitazama moto na mvuke; hakuitazama hofu ya kuibiwa. Laiti angerudi na kuuliza mara ya pili, angekitengeneza kwa namna nyingine. Twafahamu kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba uliopewa jina la mji wa Japani ambako ugonjwa wa sumu ya zebaki, ulioua wavuvi na paka zao, uligunduliwa mwaka 1956. Mkataba ni jambo jema. Haukufika katika jiko la yule mama.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana ingekuwa upungufu kuwahukumu wenye kuuliza na kutuacha sisi tunaoulizwa. Tuseme kweli: mara nyingi twadanganya. Mwenye ng'ombe arobaini ataja kumi na wawili. Mwenye ghala lenye mahindi asema hana kitu, akitumaini kwamba orodha ile ni ya chakula cha msaada. Desturi hii ina asili yake. Wakati wa Mwingereza, aliyekuja Usukuma kuhesabu ng'ombe alifuatwa na mwenye amri ya kuwapunguza, na babu zetu walijifunza kuficha mifugo porini. Lakini Mwingereza amekwenda tangu 1961, na uongo ule bado tunaurithisha. Zahanati hujengwa kwa hesabu ya watu. Tukidanganya hesabu, tusishangae dawa zikiisha kabla ya mwezi kwisha.

Na yako majibu ambayo hatutaki yarudi. Mtaalamu wa uchumi aitwaye Edward Miguel, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alichunguza vijiji 67 vya Wilaya ya Meatu, iliyokuwa zamani katika Mkoa wa Shinyanga na leo i katika Simiyu. Alitaka kujua kwa nini watu waitwao wachawi huuawa. Katika makala yake ya mwaka 2005 alionyesha kwamba katika miaka ya ukame au ya mafuriko, mazao yanapoharibika, mauaji hayo yaliongezeka kufikia maradufu. Mauaji ya namna nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote wanawake wazee, na wauaji aghalabu walikuwa watu wa jamaa zao.

Twaomba kila msomaji asimame hapa kidogo. Twalaumu uchawi, naye mchunguzi ameonyesha kwamba panga huinuliwa mwaka ambao chakula hakitoshi, na huinuliwa juu ya mlaji asiyeweza tena kulima. Dalili ya uchawi, wasema, ni macho mekundu. Na ni mwanamke gani aliyepikia kuni miaka hamsini ambaye macho yake ni meupe? Mchunguzi huyo alishauri pia kwamba mzee akipewa fedha kidogo ya uzeeni, nyumba yake itamwona kuwa msaada badala ya mzigo. Ushauri huo waweza kubishaniwa. Lakini ukweli wenyewe wapaswa kusomwa barazani, Shinyanga, Simiyu na Geita, hata kama utatutia aibu. Na wa kwanza kuusoma tuwe sisi tunaohubiri, ambao miaka mingi tumekemea ushirikina kila Jumapili na hatukuuliza ghala la nani ni tupu.

Bibi yetu wa Kharumwa ni mjane, ni mzee, na macho yake ni mekundu kwa moshi. Yeye anaongoja majibu ya vijana wa chuo hajui kwamba yako majibu mengine, ya miaka mingi, ambayo yanahusu usalama wa shingo yake.

Je, kurudisha majibu ni jambo gumu mno? Yako yaliyokwisha kufanyika. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alikusanya pamoja na wazee wa Kisukuma habari za ngoma, za watemi, za dawa na za mila. Vitu hivyo havikupelekwa Ulaya. Viliwekewa nyumba pale pale Bujora, na hata leo mtoto wa shule aweza kuingia akaziona ngoma za mababu zake. Alama ile ni nzuri. Mwenye kuuliza alibaki na walioulizwa.

Wengi wa wenye kuuliza siku hizi si wageni wa kutoka mbali. Ni wana wetu wenyewe, wa Chuo cha Mtakatifu Augustino huko Nyegezi, wa Bugando, wa Dar es Salaam na Dodoma, ambao kila mwaka hutawanyika vijijini na karatasi zao, au siku hizi na simu, ili wapate digrii. Mwalimu Nyerere aliwapa wasomi wa miaka ya kwanza ya uhuru mfano mkali: kijiji chenye njaa kilimkusanyia mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada, asiporudi, ni msaliti. Tulipousoma mfano huo zamani seminarini tulidhani wahusu karo ya shule tu. Leo twaona kwamba wahusu pia majibu. Sheria zipo: Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hutoa vibali, na Azimio la Helsinki la waganga, lililotungwa mwaka 1964, katika marekebisho yake ya 2013 lasema kwamba aliyeshiriki apewe nafasi ya kuambiwa matokeo. Lakini hakuna karani awezaye kumfuata kijana hadi Kharumwa kuhakikisha kwamba amerudi. Mama yake aweza. Baba yake aweza kumwuliza mezani, siku ya sherehe ya digrii, pilau likiwa bado moto: mwanangu, wale watu waliokujibu, umekwisha kuwaambia ulichokiona?

Tena si lazima kitabu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe katika mkutano wa kijiji au baada ya misa au msikitini, ubandikwe penye ofisi ya mtendaji. Mtafiti yeyote, wa dini yoyote, atakayetuletea ukurasa wa namna hiyo kuhusu mahali alipofanya kazi, gazeti hili litauchapa bila malipo, tukiuona umeandikwa kwa lugha ambayo bibi aweza kuifuata.

Siku ile tulipokuwa tukiaga, bibi alikitazama kijitabu mkononi mwetu. "Na wewe Baba Padri," akasema, "naona umeandika kutwa. Hayo nayo yaenda wapi?" Katekista alicheka kwa haya, sisi hatukucheka. Tulimwambia kwamba yaenda gazetini. Akauliza kama jina lake litakuwamo, tukamwahidi kwamba halitakuwamo. Akauliza kama majina ya watoto wake yatakuwamo. Tukasema hapana. Akafikiri, kisha akasema kwamba hilo lingekuwa si baya, ila basi.

Nakala ya toleo hili imepelekwa Kharumwa kwa mkono wa katekista, naye ameagizwa amsomee yote, tangu namba ya chaki hadi hapa, pamoja na habari ya Meatu, kwa utaratibu na mbele ya jamaa zake. Mahali ambapo tumemsikia vibaya ataturekebisha, nasi tutaandika.